Gurudumu la Mbele la Abu Khalid

Vijana wangu wa karakana,

Mmeniomba niwaandikie siri za kusuka gurudumu kabla sijapanda ndege kurudi nyumbani, tena mkasema mtazichapa mzibandike ukutani juu ya meza ya kazi, chini ya picha yangu. Picha iondoeni. Siri nitawaandikia, maana msimu wa baridi umeshaanza na nyinyi ndio mtakaoubeba, lakini mkisoma mpaka mwisho mtajua kwa nini sitaki kukaa ukutani nikiwatazama mnavyofanya kazi.

Nianze na mepesi. Mazito yapo, ila nikianza nayo nitaichana karatasi hii kama nilivyozichana mbili za kwanza.

Baridi ya Doha mnaijua. Kwetu Tabora tungesema leo kumekucha vizuri, basi. Hapa watu wanatoa makoti, karak, ile chai ya maziwa na iliki, inanywewa nje, na kila aliyeitupa baiskeli yake stoo tangu Aprili anaikumbuka asubuhi moja. Tena wote asubuhi hiyohiyo! Joto la kiangazi limeshapasua mipira, gundi ya viraka imekauka, breki zimekakamaa, na mwenyewe amesimama mlangoni anauliza, "Bukra?" Kesho! Mwambieni bukra ni yake, si yenu. Mpeni siku ya kweli, hata akinuna. Akinuna atakunywa karak yake hapo nje na atarudi.

Viraka na breki ndivyo vinavyolipa pango. Kazi ninayoipenda mimi ni ile nyingine, ya wateja wetu wachache wanaotumia miezi hii minne kufufua baiskeli kuukuu kwa raha zao tu. Ni watu wazima wenye shughuli kubwa huko maofisini, lakini baridi ikiingia utawakuta wamekaa sakafuni gereji, kanzu wamezikunja magotini, wanasugua kutu na kuimba. Wafundisheni kwa upole. Waambieni wapige picha kila kitu kabla ya kufungua, maana wiki tatu baadaye hakuna anayekumbuka wasa ipi ya chini ya nati ilikaa wapi. Kromu yenye kutu wasiipige msasa. Kipande cha foili ya jikoni na maji kidogo kinatosha, na mkono usiochoka. Wala wasikimbilie kupaka rangi mpya. Nimeona mtu wa makamo akilia kwa sababu tulimng'arishia baiskeli mpaka hakuitambua.

Gololi ziwekeni kwenye bakuli lenye sumaku. Hili nilijifunza mwaka wangu wa kwanza hapa Muaither, nilipofungua habu, ile sehemu ya katikati ya gurudumu inayozungukia ekseli, nikazimwaga gololi juu ya gazeti sakafuni. Paka wa nyumba akapita na mkia wake. Gololi ishirini zikatawanyika gereji nzima, nikazipata kumi na tisa. Ya mwisho niliitafuta nimelala kifudifudi chini ya gari la mama mwenye nyumba, tochi mdomoni, naye akatoka amevaa dhahabu zote akitaka kupelekwa harusini. Dereva wake wakati huo ndiye mimi niliyelala pale chini. Alicheka sana, Mungu amrehemu, kisha akanipa dakika tano nikaoge.

Na kuna yule mteja wa mtaa wa Pearl mnayemjua kwa sifa, mwenye baiskeli ya kaboni unayoinyanyua kwa kidole. Alilalamika inalia "kik, kik" kila akipanda daraja. Nilifungua pedeli, nikafungua usukani, nikafungua kiti, siku mbili nzima. Siku ya tatu akaja kuichukua, akapanda, ikalia. Akashuka akatembea kidogo, ikalia tena bila baiskeli. Funguo za nyumba zilikuwa kwenye mfuko wa nyuma wa fulana yake. Kwa hiyo mwacheni mtu apande mbele ya macho yenu kabla hamjashika spana.

Aibu za namna hiyo hazina ubaya, unazisimulia kwenye chai na watu wanakupenda zaidi. Ninayotaka kuwaeleza leo sijaisimulia kwa mtu yeyote kwa miaka kumi na sita.

Haya, gurudumu. Tia tone la mafuta kwenye hesi ya ncha ya kila spoku kabla ya kuivalisha nati yake, la sivyo utakaza ukidhani umekaza, kumbe nati inakwaruza tu. Zikaze nati zote mpaka hesi ipotee machoni, zote sawa, ndipo uanze kutafuta unyoofu. Zungusha robo, robo. Anayezungusha nusu ana haraka, na mwenye haraka akauze nguo. Ukiona ringi imesogea kulia usikimbilie kukaza kushoto. Angalia kwanza kama huwezi kulegeza kulia. Halafu gonga spoku kwa ukucha na usikilize. Za upande mmoja zinatakiwa zilie sauti moja. Ikilia nene, imelegea. Ikilia nyembamba, umeizidishia. Ukishamaliza, zikamate mbilimbili kuzunguka gurudumu zima, uziminye kwa nguvu zako zote mpaka usikie zinatulia mahali pake, kisha urudie tena tangu mwanzo. Wengi wanaruka hatua hii kwa kuwa inaumiza viganja. Msiiruke.

Mnaita haya "mambo ya Mzee Rajabu". Nimesikia mkiwaambia wateja, "Hili ni gurudumu la mkono wa Mzee Rajabu, halitingishiki." Nami nilikuwa nainamisha kichwa mkadhani ni unyenyekevu. Nilikuwa naona haya. Yote hayo, tangu tone la mafuta mpaka kuminya, nilifundishwa na mtu anaitwa Wafula, na Wafula ndiye aliyepaswa kuwa fundi wa kwanza wa karakana hii.

Wakati huo mimi nilikuwa dereva katika nyumba ya Abu Khalid, huyuhuyu mwenye karakana mnayemsalimia kila asubuhi. Hakukuwa na karakana. Kulikuwa na gereji ya nyumba yake na ugonjwa wake wa baiskeli za zamani, uliompata kila msimu wa baridi. Mimi nilikuwa namsaidia kwa sababu nilikulia kijiwe cha mjomba wangu sokoni Tabora, nikijua kuziba pancha na kunyoosha fremu kwa nyundo. Wafula alikuwa mlinzi wa kampaundi ya jirani, Mkenya wa Busia. Kabla ya kuja huku alikuwa anabeba watu kwa baiskeli pale mpakani, kiti cha nyuma kimeshonewa mto. Siku moja alipita kwenda dukani akaniona nakaza spoku, akasimama. Akatazama mpaka akashindwa kuvumilia.

"Bana, hiyo unafinya ringi kama embe," akasema. "Nipatie hiyo spana."

Kuanzia hapo kila Ijumaa, siku yake ya mapumziko, alikuja gerejini. Alikuwa mkali! Gurudumu langu la kwanza lililosimama wima nilimpelekea kwa madaha. Alilizungusha mara moja, akaligonga kwa ukucha pande mbili, akachukua koleo akakata spoku zote mbele ya macho yangu.

"Sasa anza."

"Wafula! Lilikuwa limenyooka!"

"Imenyooka leo. Kesho je? Mtu akianguka na wewe, Rajabu, hiyo jina yako imeisha. Huko kwetu nilibeba mama mjamzito mpaka hospitali kwa barabara ya mawe. Hiyo ringi ungembebea?"

Nilinuna wiki nzima. Ijumaa iliyofuata nikaanza upya.

Abu Khalid alimpenda. Hakuwa na Kiswahili wala Kiingereza cha kutosha, na Wafula hakuwa na Kiarabu zaidi ya salamu na khalas, yaani basi, kwa hiyo mimi nikawa katikati, namtafsiria huyu na yule. Mwaka ule Abu Khalid alipata baiskeli ya marehemu baba yake, nyeusi, breki za vyuma, ile mzee aliyokuwa akiendea kazini enzi ambazo mji huu ulikuwa mdogo. Ilikuwa imekaa stoo kwa shangazi yake, imeliwa na kutu. Akasema tukiifufua ikatembea, atafungua mahali padogo pa kazi hii, na ataajiri mtu mmoja wa kuanza naye. Mmoja. Alituambia wote wawili na mimi nilitafsiri.

Mkataba wa Wafula na kampuni ya ulinzi ulikuwa unaishia mwezi wa tatu. Alikuwa amesimama getini saa kumi na mbili kwa siku kwa miaka minne, na miguu ilikuwa imeanza kuvimba. Nafasi hiyo ingembakisha hapa, akae kwenye kivuli, afanye kazi aliyozaliwa nayo. Mimi nilikuwa na kazi yangu ya udereva, na nyumba ile ilinitendea vizuri. Sikuwa na shida. Nataka mlikumbuke hilo, kwa sababu nimetafuta kisingizio kwa miaka kumi na sita na sijakipata.

Siku moja nikimpeleka Abu Khalid mjini aliniambia, "Ya Rajab, yule rafiki yako ana sikio. Wewe una mikono, lakini yeye ana sikio." Nikasema, "Kweli kabisa." Moyoni niliungua. Mimi ndiye niliyekuwa nyumbani mle, mimi ndiye ninayesali naye, mimi ndiye ninayejua lugha yake, na sasa anamsifu mlinzi wa jirani! Ulikuwa wivu, vijana.

Basi kazi ikagawanywa. Wafula akasuka gurudumu la nyuma, la spoku arobaini. Mimi nikachukua la mbele, la spoku thelathini na mbili, nikaapa kwamba litakuwa tayari Ijumaa, kwa kuwa Ijumaa hiyo kaka zake Abu Khalid walikuwa wanakuja kuiona baiskeli ya baba yao. Nilitaka waniletee mimi pongezi. Nikasuka Jumatatu, nikasuka Jumanne, na Jumatano nikagundua spoku za saizi ile zimeniishia nikiwa nimebakiza nane. Dukani wakasema zitafika baada ya wiki mbili.

Mtu mwenye akili angemwambia Abu Khalid, "Baba, subiri wiki mbili." Angenielewa. Mimi nikafanya la kijiweni kwa mjomba. Kwetu ukikosa spoku ya saizi yako unachukua ndefu, unakata kichwa, unakunja ncha kwa koleo, unaigonga nyundo ibapike ili isipenye kwenye tundu la habu. Inashika. Baiskeli za mkaa zinatembea nazo mwaka mzima, kwa sababu zinakwenda polepole na hakuna anayezikaza sana. Nikatengeneza nane. Nilijua Wafula akiziona atakata gurudumu zima kama lile la kwanza, kwa hiyo nikazipitishia vichwa upande wa ndani wa habu ambako jicho halifiki, nikazipaka grisi nyingi juu yake. Sikukosea, vijana. Nilificha.

Alhamisi nilimpelekea getini kwake, maana kukaza kwa mwisho tulikuwa tunamwachia yeye na sikio lake. Alilikaza akiwa zamu, amekaa kwenye kiti cha plastiki, redio yake ya mkononi ameizima ili asikie vizuri. Alichukua saa nzima. Akaziminya mbilimbili, zote, na zile nane zikavumilia. Akanirudishia akitabasamu.

"Hii umefanya poa sana, Rajabu. Umekuwa fundi kabisa. Abu Khalid akichukua wewe, mimi sitakasirika."

Ningeweza kusema pale pale. Nilichukua gurudumu nikasema asante.

Ijumaa baada ya sala kaka zake wakaja, wazee watatu, wakaipapasa ile baiskeli kama wanampapasa baba yao. Abu Khalid akapanda. Akaenda mpaka mwisho wa mtaa akipiga kengele, watu wakipiga makofi, akageuza, akarudi kwa kasi, akapita kwenye tuta lililo mbele ya msikiti. Nilisikia spoku zikikatika kabla sijaona chochote. Ya kwanza, ya pili, kisha kadhaa pamoja, na gurudumu la mbele likajikunja. Alitua na mkono wa kulia.

Mnamwona anavyoshika finjani ya kahawa, kiwiko amekiinua juu. Mlidhani ni maringo ya wakubwa. Kifundo cha mkono hakijawahi kunyooka tena.

Kaka zake wakampeleka hospitali. Wafula akawa amepiga magoti barabarani anaokota nati moja moja na kusema, "Mungu wangu, Mungu wangu." Nikamwambia arudi chumbani kwake asipate matatizo, mimi nitaiingiza baiskeli ndani. Nikaiingiza. Nikafunga mlango wa gereji, nikachomoa zile nane, zilizokatika na zilizobaki, nikazitia kwenye mfuko wa takataka nikaupeleka kwenye pipa la mtaa wa tatu. Nilitembea na mfuko ule kwenye jua nikiitikia salamu za watu.

Siku ya nne Abu Khalid alitoka na plasta mkononi, akakaa gerejini, gurudumu lililokunjika miguuni pake. Akamwita Wafula pia. Akauliza kwa Kiarabu, kwa sauti ya kawaida tu, bila hasira, "Nini kilitokea?"

Kabla sijafungua mdomo Wafula akaniuliza, "Anauliza ile ringi?" Nikamwambia ndiyo. Akavua kofia yake ya ulinzi.

"Mwambie ni mimi. Mimi ndio nilikaza mwisho. Nimefikiria siku zote hizi, nafikiri nilikaza zaidi. Hiyo ringi ni ya zamani na mimi nikaikaza kama mpya. Rajabu alikuwa amesuka vizuri. Mwambie pole sana. Mwombe msamaha kwa niaba yangu, wewe unajua maneno yao mazuri."

Na mimi nikatafsiri. Neno kwa neno. Nilipofika kwenye "Rajabu alikuwa amesuka vizuri" sikuliruka. Nikatafuta maneno mazuri ya kuomba msamaha, nikayapata, Kiarabu changu hakijawahi kuwa safi kama siku ile. Hakuna uongo hata mmoja uliotoka mdomoni mwangu, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ule.

Abu Khalid akasema, "Mwambie nimemsamehe, Mungu ndiye aliyeandika. Lakini asiguse tena baiskeli katika nyumba yangu."

"Amesema nini?" Wafula akauliza.

"Amesema amekusamehe."

Nusu nyingine sikumpa. Kwa hiyo Ijumaa iliyofuata alikuja kama kawaida, spana yake mfukoni, akabisha hodi gerejini, nikalazimika kumweleza nikiwa nimesimama mlangoni, mlango nusu wazi. Alisema, "Sawa. Ana haki." Akaniomba nimsalimie. Mwezi wa tatu mkataba ukaisha akarudi Busia, na mwezi wa nne Abu Khalid akafungua mahali hapa akaniweka mimi.

Hiyo ndiyo karakana. Kila mnaponiona nakuwa mkali juu ya spoku za kukunja, mkicheka kwamba Mzee ana wazimu wa spoku, ni hiyo. Nimefundisha kila kitu cha Wafula isipokuwa jina lake. Hata pale mteja aliponiuliza nilijifunzia wapi, nilisema, "Nyumbani."

Wiki iliyopita nilipiga moyo konde nikaenda kwa Abu Khalid. Nilimweleza yote, nane, grisi, pipa la takataka. Nilitegemea anifukuze, na kwa kweli nilitamani anifukuze. Akapunga ule mkono wake mbovu. "Khalas, ya Rajab. Ni zamani. Sisi sote ni wazee sasa." Akaniagizia chai. Nilikunywa chai ile nikajua nimekuja kwa mtu asiye sahihi, kwa kuwa kwake ilikuwa kifundo cha mkono tu.

Namba ya Wafula nilikuwa nayo miaka yote. Hilo nalo linanitia haya. Tulikuwa tunatumiana salamu, yeye ananitumia za Idi, mimi namtumia za Krismasi, na picha za wajukuu. Juzi Ijumaa baada ya sala nilikaa kitandani kwangu nikampigia.

"Rajabu! Wacha bana! Unarudi lini Tabora?"

"Wafula, nataka kukuambia habari za lile gurudumu la Abu Khalid."

"Ai, hiyo maneno bado? Mkono si ulipona?"

"Haikuwa wewe."

Nikamweleza. Nilisema haraka, bila kupamba, kwa sababu ningesimama kidogo tu ningegeuza habari. Nilipomaliza nilisikia kuku na pikipiki upande wake.

"Nane," akasema.

"Nane."

"Ukagonga na nyundo."

"Ndiyo."

"Ukaweka ndani, ndiyo nisione."

"Ndiyo, Wafula."

Sauti yake ikashuka, kama anaongea peke yake.

"Unajua sijawahi shika spoki tena? Nilirudi nikauza spana zote. Nekesa, msichana wangu, ako na duka ya spea hapa sokoni. Watu wanaletanga ringi, anazituma Malaba kwa fundi mwingine, na baba yake amekaa hapa kwa kiti. Amenibembeleza miaka yote. Baba, nionyeshe tu. Nilikataa. Nilimwambia mkono yangu ni mbaya, itaua mtu. Kila nikiona baiskeli nilikuwa najiuliza, nilizungusha robo ama nusu? Robo ama nusu? Miaka kumi na sita, Rajabu, na najua nilizungusha robo."

"Nisamehe."

"Ngoja kwanza," akasema.

Nikasikia anaiweka simu juu ya kitu, meza au kaunta, akasukuma kiti.

"Nekesa! Hiyo ringi ya mwalimu imeenda Malaba ama bado?"

Sauti ya mwanamke kwa mbali: "Bado, Baba. Kwani ya nini?"

"Lete."

"Baba?"

"Lete, nimesema. Na spana. Vuta kiti yako ukae hapa karibu."

Simu hakuikata. Ilikaa wazi pale alipoiacha, nikiwasikia wawili wale wakisogeza vitu, na baadaye Wafula akisema, "Hapana, robo tu, robo," na binti akicheka. Nilikaa na simu sikioni mpaka adhana ya Alasiri, nikingoja arudi, na sikuthubutu kumwita.